Waya za Meno au Alaina Angavu? Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Mtu anayetaka kunyooshewa meno hununua kitu kisicho cha kawaida. Hununua kazi itakayofanywa na mwili wake mwenyewe kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi, na mara nyingi hutakiwa kuanza kulipa kabla jino hata moja halijasogea. Aliyenunua kabati lenye mlango uliopinda hulirudisha dukani wiki hiyohiyo akiwa na risiti mkononi. Mzizi wa jino uliofupika, au ufizi uliorudi nyuma na kuacha jino wazi, haurudishwi popote. Kwa sababu hiyo uchaguzi huu unastahili subira kubwa kuliko ule wa simu au wa jokofu, ingawa bei zake siku hizi hutangazwa kwa namna ileile.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mlaji aliyesimama kati ya vifaa viwili. Cha kwanza ni waya za meno tunazozifahamu sote: vipande vidogo vya chuma au vya kauri, viitwavyo braketi, hugundishwa kwenye kila jino na kuunganishwa kwa waya mmoja mwembamba. Cha pili ni alaina, yaani kava za plastiki angavu zinazovaliwa juu ya meno na kuvuliwa wakati wa kula. Vyote viwili ni vifaa halali, vyote hufanya kazi, na vyote huharibu vikitumiwa ovyo.

Jino husogeaje?

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi wake na mfupa kuna tabaka jembamba la nyuzi zinazolishikilia kama kamba za machela. Jino likisukumwa polepole upande mmoja, nyuzi za upande ule hubanwa, na chembe maalumu za mwili huanza kuumega mfupa uliopo mbele ya mzizi. Nyuma yake, ambako nyuzi zimevutika, chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Ndivyo jino linavyosafiri ndani ya taya: mfupa hubomolewa mbele na kujengwa nyuma, na mwendo wake hauzidi sana milimita moja kwa mwezi.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo mizani ya kupimia kila tangazo. Waya na alaina hutofautiana katika namna ya kusukuma tu. Mfupa unaosukumwa ni uleule na kasi yake ni ileile. Nguvu ikizidi, mfupa hauongezi mwendo. Kinachoongezeka ni maumivu, na mzizi wenyewe unaweza kuanza kuliwa na kufupika. Mtu anayekuahidi meno yaliyopangika kabisa kwa wiki chache, muulize ni jino lipi litakalosogezwa na kwa milimita ngapi. Jibu likikosekana, huenda kinachouzwa ni kitu kingine, kwa mfano meno ya kuvisha juu ya meno yako, ambayo kwa kawaida huhitaji kwanza kusaga meno mazima. Hiyo ni biashara tofauti kabisa.

Vifaa vyenyewe

Waya za leo haziwi ngumu kama walivyozijua wazazi wetu. Nyingi, hasa za miezi ya mwanzo, hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na titani, madini yenye tabia ya kukumbuka umbo lao. Waya hupindishwa ili uingie kwenye kila braketi, kisha kwa wiki kadhaa hujitahidi kurudia upinde wake wa asili, na meno hufuata. Daktari humwona mgonjwa kila baada ya wiki nne hadi nane ili aubadilishe au aukaze. Mtu mwenye mzio wa nikeli, kwa mfano yule anayetokwa vipele akivaa hereni za bei nafuu, aseme mapema, maana zipo waya zisizo na madini hayo.

Alaina ni mgeni kwa kulinganisha. Kampuni ya Align Technology ya Marekani, yenye chapa ya Invisalign, ilianzishwa mwaka 1997, na tangu hapo kampuni nyingine nyingi zimefuata. Kinywa hupigwa picha ya pande tatu, kompyuta hugawa safari ya meno katika hatua ndogondogo, na kila hatua hutengenezewa kava yake. Kila kava husogeza jino kwa takriban robo ya milimita, kisha baada ya wiki moja au mbili huachwa na kuvaliwa inayofuata. Kwa hesabu hiyo, jino linalohitaji kusogea milimita 4 hupita katika kava zipatazo 16. Zikibadilishwa kila wiki mbili, hiyo ni miezi saba na zaidi, kabla ya marekebisho ya mwisho ambayo huhitajika mara nyingi.

Neno “zisizoonekana”, linalopendwa sana na matangazo, limetiwa chumvi. Katika kesi nyingi daktari hulazimika kubandika kwenye meno vinundu vidogo vyenye rangi ya jino, ili kava ipate mahali pa kushika. Mtu aliyekaa nawe meza moja huviona, na kava ikivuliwa huviona zaidi. Wagonjwa wengine huhitaji pia mipira midogo ya kuvuta taya la juu na la chini, sawasawa na wenzao wa waya.

Kuna njia ya kati ambayo husahauliwa katika mjadala huu, labda kwa sababu hakuna anayeitangaza kwa nguvu. Nayo ni braketi za kauri zenye rangi ya jino. Huonekana kidogo kuliko za chuma na hufanya karibu kila kazi ya waya za kawaida. Bei yake huwa juu ya chuma, na hupasuka kwa urahisi zaidi. Kwa mtu mzima anayeona haya kuonekana na chuma mdomoni lakini mwenye meno magumu kupangwa, mara nyingi ndilo jibu analolitafuta.

Kazi ipi kwa kifaa kipi

Alaina hufanya vizuri meno yanapokuwa yamebanana kidogo, yanapoachana kidogo, au yaliponyooshwa zamani yakarudi nyuma kiasi. Hapa mlaji anaweza kuchagua kwa kupima bei, urembo na tabia zake mwenyewe.

Hali hubadilika kazi inapokuwa nzito. Jino lenye umbo la duara, kama chonge au gego dogo lililo nyuma yake, likiwa limejigeuza, plastiki hulizungusha kwa shida kwa sababu hulishika kama mkono uliolowa sabuni unavyoshika chupa. Kulivuta jino lililo juu lishuke, kuziba nafasi kubwa iliyoachwa na jino lililong'olewa, au kusogeza mzizi pamoja na kichwa chake badala ya kulilaza jino tu, ni kazi ambazo kwa kawaida waya huzitenda kwa uhakika zaidi. Daktari mzoefu hufanya kwa alaina mambo ambayo asiye mzoefu hayawezi, kwa hiyo si sheria ya chuma. Lakini mgonjwa mwenye meno ya juu yaliyotokeza sana, au ambaye meno yake ya mbele hayakutani anapouma, ashuku pale anapoambiwa baada ya dakika tano kwamba alaina zitamfaa bila tatizo. Wapo hata ambao kasoro yao imo katika mifupa ya taya. Hao, wakiwa watu wazima, hakuna kati ya vifaa hivi kitakachowatosha bila upasuaji, na ni haki yao kuambiwa hivyo kabla ya kutoa fedha.

Tuseme pia neno juu ya mwanya. Mwanya wa meno ya mbele si ugonjwa. Katika jamii zetu wengi huuhesabu kuwa ni sehemu ya uzuri wa mtu, na hakuna hoja ya kitabibu ya kumlazimisha yeyote auzibe. Anayetaka kuuziba kwa hiari yake ana haki hiyo. Asikubali tu kuambiwa kwamba amezaliwa na kasoro.

Saa ishirini na mbili

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya vifaa hivi haipo katika plastiki wala chuma, ipo katika nani anayefanya kazi. Waya hufanya kazi umelala, umesahau, umekasirika. Alaina hufanya kazi zikiwa mdomoni tu, na maelekezo ya kawaida ni saa 20 hadi 22 kwa siku.

Hebu tuihesabu siku. Saa 24 ukitoa 22 zinabaki mbili, yaani dakika 120. Chai ya asubuhi dakika 25, chakula cha mchana 40, cha jioni 40, na kupiga mswaki kabla ya kurudisha kava dakika 15 kwa siku nzima. Dakika zako zimekwisha. Hakuna kahawa ya saa kumi barazani, hakuna karanga ndani ya daladala, hakuna soda ya kupoza koo sokoni, kwa maana kinywaji chochote chenye sukari au rangi kikiingia chini ya kava hubaki humo kikilowesha jino, na mate hayapati njia ya kulisafisha. Maji ya kawaida ndiyo pekee yanayonywewa kava ikiwa mahali pake. Chai ya moto, mbali na sukari yake, huweza kuipinda plastiki isikae tena sawasawa.

Sherehe ya harusi inayoanza saa moja jioni ikaisha saa sita usiku hula saa tano. Moja haina neno. Lakini katika ukoo mkubwa wenye sendofu, harusi na vikao vyake, mwezi mzima huweza kupotea, na kava inayofuata ikija hukuta meno hayajafika mahali yalipotarajiwa. Anayefunga Ramadhani kwa upande wake huiona saumu ikimsaidia: mchana wote kava zimo, naye hupanga dakika zake kati ya futari na daku. Jiulize kwa unyofu wewe ni mtu wa namna gani. Muuguzi wa zamu za usiku, dereva wa masafa marefu, mama lishe anayeonja chakula tangu alfajiri, mwalimu anayesema kutwa nzima: kila mmoja wao ana siku yake, na hakuna tangazo linaloijua.

Waya nazo zina masharti yake, yanayohusu zaidi chakula kuliko saa. Miwa, mahindi ya kuchoma ya kung'ata kwenye gunzi, mifupa ya nyama choma, bisi, ubuyu wa kumumunya na barafu za kutafuna hung'oa braketi. Ugali haudhuru kitu. Embe hukatwa vipande, na nyuzi zake huwa adhabu ndogo kwa mpenda embe. Kila braketi inayong'oka ni safari ya ziada kliniki na pengine wiki kadhaa za kuchelewa.

Maumivu yapo pande zote mbili. Kwa kawaida ni ya siku chache za mwanzo na siku chache baada ya kila badiliko, na hutulia.

Fizi kwanza

Daktari anayefaa hataanza kunyoosha meno yanayotoka damu. Fizi zilizovimba na ugaga uliojijenga shingoni mwa meno ni dalili kwamba mfupa unaweza kuwa umeanza kupungua, na kulisukuma jino ndani ya mfupa mgonjwa ni kulisukuma nje. Meno yaliyotoboka huzibwa kwanza, fizi hutibiwa kwanza, na eksirei huchukuliwa kwanza ili ionekane mizizi ilivyo na kama kuna jino lililojificha ndani ya taya. Kliniki inayokubali fedha za alaina au waya bila eksirei inauza bila kujua inachouza.

Usafi hutofautiana kulingana na kifaa. Braketi hukusanya chakula kandokando yake, na asiyepiga mswaki vizuri hubaki na madoa meupe ya kudumu kwenye jino, mraba mmoja kuzunguka kila mahali braketi ilipokaa. Kijana wa miaka 13 anayekimbia mswaki ni hatari zaidi hapa kuliko aina ya waya atakayopewa. Alaina huvuliwa, na kwa hiyo meno na fizi husafishwa kama kawaida. Hiyo ni faida ya kweli kwa mtu mzima ambaye fizi zake zilikwisha kuugua na kutibiwa.

Wasomaji wetu waliokulia katika maeneo yenye maji ya madini mengi ya floraidi, kama vile sehemu za mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, wana suala la ziada. Wengi wao wana meno yenye madoa ya kahawia, na wapo wanaolipia alaina wakitumaini kwamba madoa yatatoka. Hayatatoki: waya na alaina husogeza jino, hazibadilishi rangi yake. Zaidi ya hayo, gundi ya braketi na ya vile vinundu vya alaina huweza kushika kwa shida kwenye jino lililoathiriwa na floraidi, hivyo mgonjwa ataje alikokulia, naye daktari aeleze mapema atakavyoshughulika na vinavyobanduka.

Kuhusu watoto, Chama cha Madaktari wa Kupanga Meno cha Marekani hushauri uchunguzi wa kwanza ufanywe mtoto asipozidi miaka 7. Huo ni uchunguzi tu. Wengi wao huambiwa wangoje. Kwa upande mwingine, mtu mzima mwenye fizi na mifupa yenye afya hajachelewa, awe na miaka 30 au 60.

Sanduku linalokuja kwa posta

Kuna alaina zinazouzwa moja kwa moja mtandaoni. Mteja hutumiwa vifaa, hujichukulia mwenyewe alama ya meno nyumbani, hurudisha, kisha hupokea kava zote ndani ya sanduku. Bei huwa ya chini kwa kuwa hakuna kiti cha daktari.

Kampuni iliyokuwa maarufu kuliko zote katika biashara hiyo ilikuwa SmileDirectClub ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2014. Septemba 2023 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni, na Desemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake. Wateja waliokuwa katikati ya matibabu walitangaziwa kwamba huduma kwa wateja haipo tena na kwamba dhamana iliyoitwa ya maisha imekoma. Waliokuwa wakilipa kwa awamu waliambiwa waendelee kulipa. Tafakari hali ya mtu mwenye meno yaliyofika nusu ya safari, asiye na daktari anayejua yalikuwa yakielekea wapi, na mwenye deni. Huko ni Marekani, nchi yenye mahakama na wadhibiti wenye nguvu. Muuzaji aliye nje ya mipaka yetu, anayejulikana kwa ukurasa wa mtandao na namba ya simu tu, atafuatwa na nani?

Kibaya zaidi ni vifaa vya urembo mtupu: waya za kubandika zinazouzwa kama vipodozi, zisizosogeza jino popote pa maana lakini zinazong'oa gamba lake na kukata fizi, na ushauri wa vijana mitandaoni wa kuzungushia mpira wa kufungia fedha kwenye meno mawili ili kuziba mwanya. Mpira ule haukai ulipowekwa. Hupanda juu ya jino, huingia chini ya ufizi na kufuata mzizi ulionywea kuelekea ncha yake, ukikata nyuzi tulizozieleza mwanzoni. Meno mazima kabisa yameng'oka kwa njia hiyo. Mzazi anayesoma ukurasa huu amweleze mwanawe leo.

Bei iliyo kwenye tangazo na bei utakayolipa

Mfano ufuatao ni wa kubuni, na tarakimu zake hazitoki kliniki yoyote; tumeuweka ili kuonyesha hesabu inavyopaswa kufanywa. Kliniki ya kwanza inatangaza alaina kwa shilingi 2,200,000. Kliniki ya pili inataka shilingi 3,100,000, na mteja anaiona ghali. Ile ya kwanza, ukiuliza zaidi, hutoza eksirei shilingi 100,000, vinundu vya kubandika 200,000, awamu ya pili ya kava za marekebisho 700,000, na riteina za kushikilia meno mwishoni 300,000. Jumla ni shilingi 3,500,000. Ya pili imeweka yote hayo ndani ya bei yake. Iliyoonekana nafuu imezidi kwa shilingi 400,000, na mteja huyagundua hayo akiwa tayari hawezi kurudi nyuma.

Nauli nayo ni sehemu ya bei. Madaktari bingwa wa kupanga meno ni wachache nchini na wengi wako mijini. Mgonjwa wa waya anayeonwa kila wiki sita kwa miaka miwili ataenda kliniki kama mara 17. Kama anatoka wilaya ya mbali na kila safari humgharimu siku ya kazi, basi idadi hiyo aizidishe kwa gharama ya siku hiyo kabla ya kulinganisha. Mgonjwa wa alaina huonwa mara chache zaidi, na hii huweza kupunguza pengo la bei. Aghalabu mifuko ya bima huhesabu kunyoosha meno kuwa ni urembo. Ulizia mfuko wako na upate jibu kwa maandishi, kwani neno la mhudumu wa mapokezi halimfungi mtu.

Usilipe yote kwa mkupuo. Malipo yakienda sambamba na ziara, kliniki ikifungwa au ukihamishwa kikazi kutoka Mwanza kwenda Mtwara, hasara yako huwa ndogo. Dai makubaliano ya maandishi yanayotaja tatizo lenyewe ni lipi, meno gani yatasogezwa, kama kuna jino litakalong'olewa, muda unaokadiriwa, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, nani anagharamia braketi iliyong'oka au kava iliyopotea, na fedha zitarudishwaje matibabu yakikatizwa. Omba nakala ya eksirei zako na ya picha ya meno. Daktari wa pili hawezi kuendelea vizuri bila hizo, na hakuna sababu ya haya katika kuziomba. Ile picha ya tabasamu inayochorwa na kompyuta na kuonyeshwa kwenye skrini ni makadirio ya mashine. Ukiambiwa ni ahadi, iombe iandikwe kwenye mkataba, kisha uone kama itaandikwa.

Kabla ya hayo yote, jua unayemkabidhi kinywa chako. Baraza la Madaktari Tanganyika hutunza daftari la madaktari wa tiba na wa meno walioruhusiwa kufanya kazi Tanzania Bara. Zanzibar ina baraza lake. Mwulize daktari jina lake kamili na namba ya usajili, kisha uhakiki. Usisite kuuliza pia kama ni daktari wa meno wa jumla au bingwa wa kupanga meno, na ni kesi ngapi za namna yako alizozimaliza kwa kifaa anachokupendekezea. Wapo madaktari wa jumla wanaofanya kesi nyepesi vizuri. Swali hili huwaudhi wasio na jibu.

Malalamiko juu ya mwenendo wa daktari hupelekwa kwenye baraza hilo. Kifaa chenyewe kikitiliwa shaka, mdhibiti wa vifaa tiba ni TMDA. Tangazo la udanganyifu na mwenendo wa kumhadaa mlaji ni mambo yaliyokatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na mlango wake ni Tume ya Ushindani. Kokote uendako, risiti ya mashine, mkataba na picha za matangazo ulizohifadhi kwenye simu ndivyo vitakavyokusemea.

Baada ya kifaa kutoka

Zile nyuzi zinazoshika mzizi hazisahau upesi mahali jino lilipokuwa. Waya zikibanduliwa, au kava ya mwisho ikivuliwa, meno huanza kurudi yasiposhikiliwa. Kifaa cha kuyashikilia huitwa riteina: ama ni kava ya plastiki ya kuvaa usiku, ama waya mwembamba uliogundishwa nyuma ya meno ya mbele. Huvaliwa kwa miaka mingi, na madaktari wengi sasa husema kwa maisha yote. Hili ni sawa kwa aliyevaa waya na kwa aliyevaa alaina, ingawa wauzaji wachache hulitaja siku ya kwanza.

Mwandishi wa somo hili alivaa waya kwa miaka miwili akiwa sekondari, akapewa riteina, akaivaa kwa bidii hadi mwaka wa pili wa chuo kikuu. Ilipopotea hakuona haja ya nyingine. Meno mawili ya chini yamerudi kubanana, na gharama ya kuyapanga upya kwa alaina ni kubwa mara nyingi kuliko ya riteina ile. Ilipotea mezani kantini: aliivua ale, akaikunja ndani ya leso ya karatasi, na aliyekuja kufuta meza akaitupa pamoja na mabaki. Riteina ina kasha lake, na kasha liwe mfukoni au mkobani kila unapokwenda kula.